Simu Haisomi Kopo Lisilo na Lebo

Mpwa wangu ana meza ya vipodozi sokoni Kibakwe. Mwezi wa sita ukiingia, upepo mkavu unapoanza kupausha miguu ya watu mpaka ionekane kama imepakwa majivu, meza hiyo haipoi. Ananiambia wateja siku hizi wamebadilika. Zamani walinusa, wakapaka kidogo mgongoni mwa kiganja, wakauliza bei. Sasa wanatoa simu, wanaskani ile mistari myeusi ya bakodi, wanasubiri. Jibu mara nyingi ni lilelile: bidhaa haijapatikana. Hapo mmoja atarudisha kopo kwa hofu, na mwingine atasema, "Kama hawajaiandika vibaya, basi haina shida," kisha atalipa.

Wote wawili wamekosea, ila siwalaumu. Wamepewa chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya rafu za maduka makubwa ya Paris, nao wanakitumia kwenye meza ya soko wilayani Mpwapwa, Dodoma.

Kama nawe unataka simu ikusaidie kujua unachojipaka, jibu langu nalitoa mapema nisikuchoshe. Chagua chombo kinachokuruhusu kuandika majina ya viambato wewe mwenyewe, kinachoeleza kwa nini kinakisifu au kukilaumu kiambato, na kisichobaki kimya mbele ya majina yaliyopigwa marufuku Tanzania. Rangi ya kijani na nyekundu ambazo vyombo hivi huonyesha ni mapambo tu.

Tunachokiwinda

Mzungu anayekagua losheni yake kwa kawaida anahangaika na manukato, vihifadhi, au mafuta yanayoziba vinyweleo. Hayo hata sisi yanatuhusu. Lakini sokoni kwetu kuna wakubwa watatu wanaotangulia: zebaki, hydroquinone na steroidi. Ndivyo vitu vinavyomng'arisha mtu kwa wiki mbili, kisha vinakuja kudai malipo.

Zebaki inaumiza figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza habari za wagonjwa wa figo ambao wengi wao walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha zenye zebaki. Hydroquinone ikipakwa kwa muda mrefu inaacha mabaka ya rangi ya bluu iliyochanganyika na weusi, hasa mashavuni, na mabaka hayo kuyatoa ni kazi kubwa mno. Steroidi kama clobetasol na betamethasone ni dawa halali: daktari anaziandika kwa ukurutu na magonjwa mengine ya ngozi, kwa kipimo na kwa muda maalumu. Ukizigeuza kuwa mafuta ya kila siku, ngozi inakuwa nyembamba, inachanika michirizi, inaota chunusi, na siku ukiacha inawaka kama umemwagiwa pilipili.

Viambato hivi havijaachwa huru kisheria. Baada ya Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003, mamlaka ya chakula na dawa iliyokuwa ikiitwa TFDA ilikuwa na orodha ya viambato visivyoruhusiwa kwenye vipodozi, na hao watatu wamo, pamoja na kloroformu, hexachlorophene, bithionol na vingine. Mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango (TBS), na TFDA ikabadilishwa jina kuwa TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba. Nalieleza hili kwa sababu ya kimatumizi: kopo jipya linalojisifu kwamba limethibitishwa na TFDA lina swali la kujibu, maana taasisi yenye jina hilo haipo tena. Nje ya mipaka yetu hali ni hiyohiyo. Afrika Kusini iliizuia hydroquinone kwenye vipodozi mwaka 1990, Ulaya ikafuata, na mwaka 2023 huko Geneva nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kuzebakiza vipodozi, yaani kuvitia zebaki, kukome kabisa, mwisho ukiwa 2025. Neno "kuzebakiza" nimelibuni mwenyewe, mnisamehe.

Kijaribu chombo kabla hakijakujaribu

Usianze kukiuliza chombo habari za losheni yako. Kitahini kwanza, kama unavyoijaribu mizani ya muuza vitunguu kwa jiwe unalolijua uzito. Mimi nina majina matano ninayoyaandika kwenye kila chombo kipya, na nayaandika kama yanavyochapwa kwenye lebo, herufi kwa herufi.

La kwanza ni Hydroquinone. Chombo kinachojiheshimu kitakwambia kwamba kiambato hiki kinapunguza rangi ya ngozi na kwamba Ulaya hakiruhusiwi kwenye vipodozi vya ngozi. Kikikwambia tu "kinang'arisha, hupendwa na wenye madoa", kifunge.

La pili ni Clobetasol Propionate, na hapa ndipo penye siri. Vyombo hivi hujengwa juu ya orodha za viambato vya vipodozi, na clobetasol kisheria si kiambato cha kipodozi, ni dawa. Kwa hiyo chombo kinaweza kukujibu kwamba hakilijui jina hilo, kikaliruka, na kuendelea kusifu glycerin iliyobaki. Jumla ya alama inatoka nzuri, wakati kitu kibaya kuliko vyote hakikuhesabiwa. Niliwahi kuona chombo kimoja kikiipa krimu ya namna hiyo rangi ya kijani, na mwenye krimu alikuwa amesimama mbele yangu na michirizi mapajani. Tangu siku hiyo naangalia kwanza orodha ya yale ambayo chombo kimeshindwa kuyatambua, ndipo nisome mengine. Chombo kisichokuonyesha majina kiliyoyaruka hakifai hata kama ni cha bure.

La tatu ni Calomel, jina la kale la mchanganyiko wa zebaki na klorini. Ongeza na Mercurous Chloride, ambayo ni kitu hichohicho kwa jina lingine. Kikijua moja na kutojua jingine, umekijua upana wa kichwa chake.

La nne ni mtego wa upande wa pili: Cetearyl Alcohol. Neno la mwisho linatisha, lakini hiki ni kitu laini kama nta, kinachoifanya losheni iwe nzito na kuituliza ngozi kavu. Si ile spiriti inayokausha, ambayo kwenye lebo huandikwa Alcohol Denat. Chombo kinachokutisha kwa sababu ya neno "alcohol" kinasoma herufi, kemia hakiijui.

La tano ni Vitis Vinifera Seed Oil. Nitalirudia baadaye, kwa sababu ni letu.

Vinavyopatikana, na hukumu yangu

Ninachokitumia zaidi ni INCIDecoder. Ni tovuti, si lazima upakue kitu. Unabandika orodha ya viambato, inakueleza kila kimoja kinafanya kazi gani, na mara nyingi inakuonyesha habari hiyo imetoka wapi. Kasoro yake ni Kiingereza chake cha utani mwingi, kinachomchosha mtu asiyekizoea. Lakini hata ukielewa nusu yake utatoka na kitu.

Cha pili, kikavu kama maharage ya mwaka jana lakini cha kuaminika, ni CosIng ya Kamisheni ya Ulaya. Hakitoi alama wala hakina picha nzuri. Unaandika jina, kinakwambia kama liko kwenye viambatisho vya sheria yao ya vipodozi ya mwaka 2009. Kiambatisho cha pili ndicho cha marufuku, na vilivyomo ni zaidi ya 1,600. Cha tatu ni cha vinavyoruhusiwa kwa masharti. Ukitaka kujua jambo la kisheria badala ya maoni ya mtu, nenda huko. Kumbuka tu ni sheria ya Ulaya, ya kwetu iko TBS.

CosDNA, chenye asili ya Taiwan, kinapendwa na wenye chunusi kwa sababu kinatoa namba kuanzia 0 hadi 5 kuonyesha kiambato kinavyoweza kuleta chunusi au muwasho. Usizichukue namba hizo kama matokeo ya mtihani wa taifa. Chimbuko la vipimo vya namna hiyo ni majaribio ya kupaka vitu kwenye masikio ya sungura, yaliyopata umaarufu mwaka 1972 kupitia watafiti Wamarekani Kligman na Mills. Sikio la sungura si shavu la binti wa Kibakwe, na kiambato kikiwa peke yake hakifanyi kama kinavyofanya kikiwa asilimia moja ndani ya losheni.

Skin Deep ya shirika la Marekani la EWG imekuwepo tangu 2004 na inatoa alama 1 hadi 10. Ni hifadhi kubwa, ila ina tabia ya kuhesabu ubaya wa kitu bila kujali sana kimewekwa kiasi gani. Chumvi ukiila kijiko itakudhuru, kwenye mboga ni chumvi tu. Pia kampuni hulipa ada ili kutumia muhuri wa shirika hilo, jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulijua.

Yuka ya Ufaransa, iliyoanza 2017, ndiyo ile ya kuskani bakodi na kupewa alama juu ya 100. Kama una ndugu aliyekutumia losheni kutoka Ulaya, itakufaa. Kwa makopo yanayoshuka Mpwapwa, utaona sana ile sentensi ya "haijapatikana". Hapo nakuelekeza kwa Open Beauty Facts, hifadhi iliyo wazi ambayo mtu yeyote anaweza kuijazia bidhaa: unapiga picha lebo, unaandika viambato, na mwenzako wa Kondoa akiskani kesho atakuta kazi yako. Bidhaa zetu hazitaingia humo bila sisi kuziingiza.

Tukiwa bado kwenye bakodi: wapo wanaosema namba zikianza na 620 bidhaa ni ya Tanzania, na 616 ni ya Kenya. Namba hizo zinaonyesha kampuni ilikosajili bakodi yake. Hazisemi losheni ilikorogwa wapi, wala kama ni salama.

Akili mnemba nayo imeingia. Unapiga picha lebo, unauliza kwa Kiswahili, unajibiwa kwa Kiswahili fasaha. Huo uzuri hakuna chombo kingine nilichokitaja kinachoufikia, na kwa mama asiyejua Kiingereza ni mlango uliofunguka. Shida yake ni kwamba haioni aibu: picha ikiwa na ukungu inaweza kusoma jina ambalo halipo, au kukupa maelezo ya kujiamini yasiyo na msingi. Itumie kutafsiri na kueleza. Jina lolote zito itakalokutajia, lihakiki CosIng kabla hujaamua.

Lebo yenyewe

Chombo kizuri hakina msaada kwa asiyejua lebo inavyopangwa. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, ndiyo maana losheni nyingi huanza na Aqua, yaani maji. Vikishafika chini ya asilimia moja, mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga apendavyo. Kwa hiyo losheni inayotangaza ubuyu kwa herufi kubwa mbele, na ubuyu wenyewe ukauona mwisho wa orodha baada ya Parfum, imekuuzia picha ya mbuyu. Na hilo neno Parfum ni gunia la manukato mengi yasiyotajwa. Mwenye ngozi ya kuwashwa alikimbie.

Mimea huandikwa kwa Kilatini, na hapa mtu wa Dodoma ana raha yake. Helianthus Annuus ni alizeti. Sesamum Indicum ni ufuta. Ricinus Communis ni nyonyo. Adansonia Digitata ni mbuyu, Cera Alba ni nta ya nyuki. Vitis Vinifera ni zabibu, hizihizi za Dodoma, na mafuta ya mbegu zake ndiyo yanayowekwa kwenye vichupa vidogo vya bei ya kutisha. Arachis Hypogaea ni karanga. Waingereza walikuja hapo jirani Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao kuyatafuta mafuta ya karanga kwa ajili ya nchi yao, na mradi ulianza kusimamiwa na kampuni tanzu ya Unilever, wakubwa wa sabuni na majarini. Kufikia mwaka 1951 walikuwa wameshaukatia tamaa. Mwenye mzio wa karanga alikariri jina hilo la Kilatini.

Nimemwona mama mmoja mkulima akicheka mpaka akakaa chini, alipoambiwa kwamba kiambato cha pili kwenye losheni aliyotaka kuinunua kilikuwa alizeti. "Basi mimi ninayo gunia zima nyumbani," alisema. Hakuinunua. Kwa miguu iliyopauka, mafuta mepesi ya kupikia au mafuta ya mgando, ambayo kwenye lebo ni Petrolatum, yakipakwa ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga, yanafanya kazi nzuri kuliko losheni nyingi za kifahari.

Wajasiriamali wetu wa sabuni na mafuta huandika viambato kwa Kiswahili, na ukiondoa akili mnemba, vyombo vya mtandaoni havijui Kiswahili. Ukiona "mafuta ya alizeti" andika jina la Kilatini mwenyewe. Ukiona "kemikali maalumu", mwulize mtengenezaji hiyo kemikali inaitwaje. Akishindwa kuitaja, nawe shindwa kununua.

Kazi yenyewe kwa bando dogo

Huku kwetu mtandao unasuasua, kwa hiyo usijaribu kufanya yote umesimama mezani kwa watu. Toka na kopo juani, piga picha mbili tatu za lebo ukizungusha kopo kidogo kidogo, kisha rudi nyumbani. Andika majina kwenye daftari, herufi kwa herufi. Kosa la herufi moja linaweza kukifanya chombo kikose jina au kikupe jingine. Mtandao ukikaa vizuri, bandika orodha yote kwa mara moja. Kurasa za maandishi hazili bando kama video za TikTok. Muuzaji anayekukatalia kupiga picha lebo amekusaidia kuamua.

Lebo ikitoka safi, bado paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa muda wa wiki. Hakuna tovuti inayoijua ngozi yako.

Wenye ualbino na walezi wao nawaomba jambo moja mahususi: msiache losheni ya kukinga jua kwa sababu programu imeipa alama mbaya. Baadhi ya vyombo vinazishusha losheni hizi kwa ajili ya vichujio vya jua vilivyomo, na hatari ya jua la Dodoma kwenye ngozi isiyo na rangi ya kuikinga haimo kwenye hesabu yao. Kilisun inayotengenezwa Moshi ilibuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino hasa, na hugawiwa bure kupitia kliniki. Kama una wasiwasi na losheni, upeleke kituo cha afya, usiupeleke kwenye alama za rangi.

Pale simu inapoishia

Sasa tuseme ukweli kuhusu mkorogo. Unachanganywa chumba cha nyuma cha saluni, unawekwa kwenye kopo la mafuta ya mgando lililooshwa, unauzwa kwa kunong'onezana. Hauna lebo, kwa hiyo hakuna chombo duniani kitakachokusomea. Hata lebo ikiwepo, mtu anayeficha zebaki hawezi kuiandika. Hapo unabaki na macho yako. Krimu inayobadilisha rangi kwa siku chache si losheni. Uso ukiwa mweupe na vifundo vya vidole vikabaki vyeusi, umeshajua kilichomo. Na dalili moja ambayo Shirika la Afya Duniani limeitaja ni maelekezo yanayokuonya krimu isiguse dhahabu, fedha, alumini au mpira: hiyo inanuka zebaki. Niliposoma hivyo nilikwenda kukagua meza ya mpwa wangu kopo kwa kopo. Tuliyatoa mawili.

Bidhaa ya nchini itafute alama ya ubora ya TBS, na ya kutoka nje mwulize muuzaji kama imesajiliwa TBS. Kama ulishaanza kutumia krimu ya steroidi, usiikate ghafla peke yako; nenda kituo cha afya na kopo lako mkononi, ukalionyeshe bila haya. Na ukikuta jina lililopigwa marufuku kwenye lebo, hifadhi boksi na risiti, piga picha, mpelekee afisa afya au ofisi ya TBS Kanda ya Kati pale Dodoma. Kopo lenyewe lifunge vizuri ndani ya mfuko ulikabidhi hukohuko. Usilitupe jalalani wala korongoni, maana zebaki haiozi.